Salamu Zangu kwa Mkubwa na Mzigo wa Mama

Ni mama aliyenitia katika mambo hayo. Walimaji wa maharagi wa kilima chetu, huku juu ya Mushaki, walikuwa wanatafuta mtu wa kusema mbele ya mkubwa wa serikali. Mama akasimama: "Huyu wangu amesoma. Kifaransa yake inatoka kama maji." Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa palepale.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Wafanyabiashara wenye depo za kununulia maharagi kule barabara kubwa walikuwa wanataka malori ya wanunuzi wengine yakatazwe kupanda kwetu, eti yanaharibu njia. Wakikubaliwa, kila gunia litashuka kwa mgongo wa mwanamke, kamba kwenye paji la uso, mwendo wa saa mbili, na bei atapangiwa na haohao wa depo akiwa hana tena nguvu ya kulirudisha. Na mama goti lake la kuume lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Sentensi moja ingetosha: Mheshimiwa, acha malori yapande.

Sentensi moja? Mimi, mwenye diploma? Niliandika memorandumu juma zima, nikaazima na koti la shemeji, mikono yake ikinifunika vidole.

Mkubwa alifika amechelewa, akanipa mkono, akaniita Prezida. Yeye alinivika kilemba cha ukoka, mimi nikakikaza vizuri kisianguke. Nikaanza kusalimu kama ilivyo desturi, kila mtu kwa cheo chake: mkubwa, chifu, polisi, wachungaji, wamama, vijana, hata padri ambaye hakuja. Nikasoma tamko la kumshukuru mkubwa kwa kutupandia mlima. Alikuwa amekuja na jeep. Makofi yakalia, na mimi makofi huniondoa akili, basi nikaongeza shukrani nyingine.

Mama, kwenye benchi la wamama, alikuwa anagongagonga goti lake kwa kidole huku ananikazia macho. Nikadhani ananisifu. Nikamchekea, mjinga mimi!

Malori yalikuwa ukurasa wa tatu. Nilipoufungua tu, mkubwa akatazama saa, akasimama, akasema amefurahi sana kukuta watu wasio na malalamiko. Wenye depo hawakusema hata neno moja mkutanoni. Walimsindikiza mpaka kwenye jeep, mmoja akamshikia mlango, wakaongea naye kidogo hapohapo. Mwenye kelele hana neno, na siku hiyo mwenye kelele nilikuwa mimi.

Katazo likatoka. Karatasi ilisema walimaji wameulizwa, kupitia prezida wao.

Siku ya soko nikakutana na mama njiani anashuka, gunia mgongoni, amekunja uso kwa ajili ya goti. Niliona haya, nikatamani kujificha kwenye mihogo ya watu.

"Prezida," akasema, "soma tena ile karatasi yako. Pengine muzigo itapunguka."

Nikamwomba anipe gunia. Akanipa. Nikafunga kamba kwenye paji la uso, nikashuka kwa mbwembwe mpaka kona ya pili. Hapo shingo ikakataa, nikakaa chini nahema. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Leta, mutoto yangu," akasema kwa upole. "Wewe kazi yako ni kusema."

Akainama, akafunga kamba, akatangulia anachechemea. Mimi nikamfuata nyuma, mikono mitupu.