Darubini Iliyoona Mvua ya Bwera

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Jirani yetu hapa kambi ya jeshi Kasese, afande Okello, anajitengenezea bunduki ya mashindano ya shabaha. Mtutu alishachagua, kitako pia. Ilibaki darubini ya kulengea, na mbili mpya zilikuwa mezani. Mimi nawashwa kujua kila kitu, na shuleni nilishajigamba kwamba mimi ni fundi wa bunduki.

“Wewe, chagua moja,” akasema. “Ukipatia, Jumamosi tunaenda wote uwanja wa shabaha.”

Nikazijaribu dirishani. Ya kwanza ilinionyesha mbuzi mlimani, mpaka ndevu. Ya pili ilikuwa nyeupe tupu. Huku kwetu milima ya Rwenzori inashinda mawinguni, basi nikajua hii ndiyo kali, imefika mpaka ndani ya wingu!

“Hii ya pili, afande! Inapenya mawingu.”

“Eh! Na mawingu iko namna gani?”

“Mazito, afande. Mvua inaelekea mjini Bwera.”

Akaichukua, akabandua karatasi nyeupe ya plastiki iliyofunika kioo, akanibandika nayo kwenye paji la uso.

“Mvua yako hii hapa, fundi. Jumamosi ubaki nayo nyumbani.”