Ukuta Niliouosha

Siku tuliyomzika shangazi, kijana mmoja aliyetoka mjini Iringa alisoma wasifu wake. Alitaja miji ambayo shangazi alifika kuchora kuta, na mingine ulimi ulimkwama akaomba radhi. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi, tumejifunika mablanketi kwa baridi ya Mufindi, tuliguna kwa heshima. Lakini wasifu haukusema kwamba picha aliyoichora kwa uchungu kuliko zote ilifutwa, wala haukumtaja aliyeifuta. Ni mimi. Zaidi ya shangazi mwenyewe sijawahi kumwambia mtu, leo nakuambia wewe.

Kama ulikulia huku kwetu, nyuma ya misitu ya mipaina ya Mafinga, unakumbuka Desemba zilivyokuwa. Shule zikifungwa, wasichana tulishuka bondeni, kando ya vinyungu, bustani zetu za maharage, kuchimba udongo mweupe. Mwekundu tuliukwangua kwenye kingo za barabara. Mweusi tuliupata kwa kusaga mkaa. Tulipaka nyumba zote kabla ya Krismasi, juu ya rangi za mwaka uliopita, na mikono ilinuka mvua hata wakati wa kula. Ukiegemea ukuta, unaondoka nao mgongoni. Shangazi, dada yake baba, alimjua mtoto wa kila nyumba kwa rangi ya mgongo wake.

Sisi wengine tulipaka. Yeye alichora. Kwa vidole na kipande cha kitambaa alitoa kuku, mvua, wanawake wanaopalilia, hata mzee wa kanisa aliyesinzia ibadani. Mzee alipokuja kulalamika, alimpokea vizuri. "Kamwene, mzee. Krismasi ijayo nitakufumbua macho."

Mgeni mmoja aliziona kuta zile akampeleka Iringa, kisha Mbeya, kisha Dar es Salaam, kisha nchi za mbali. Kila safari alibeba udongo wetu kwenye kiroba. Alisema uwanja wa ndege walimcheka: "Mama, unahama na shamba?" Mama yangu, wifi yake na mtani wake, alimuuliza jikoni, "Wifi, huko Ulaya hakuna matope?"

"Yapo, wifi, ila hayajazoea mikono yangu."

Walicheka mpaka ugali ukashika chini. Harufu ile ya ugali ulioungua kidogo bado hunirudishia sauti zao wote wawili.

Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Hakuacha picha hata moja. Baada ya matanga shangazi alijifungia kwenye jiko la nje siku tatu, hakutaka mtu. Alipofungua mlango, mama alikuwa ukutani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua maharage, kilemba chekundu kimelegea upande mmoja kama kawaida yake. Baba alitazama, akatoka. Shangazi akaniambia, "Kuta nyingine pakeni. Huu uacheni." Kisha akasafiri tena.

Mwaka mzima nilipika mbele ya mama. Nilimwambia chumvi ikiisha, nilimwambia nikichapwa shuleni. Lakini jiko ni jiko. Moshi ulimpanda, na ilipofika Desemba uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi. Ikaja barua kwamba shangazi anarudi kwa Krismasi. Niliona aibu amkute mama mchafu. Nilichota maji ya uvuguvugu, nikachukua kitambaa, nikamwosha uso, polepole, kama yeye alivyokuwa akiniosha mimi.

Udongo hauoshwi. Nilijua hivyo, nilikuwa nikiushika kila mwaka, lakini siku ile sikuuona kama udongo. Macho yalitangulia kushuka. Kisha kilemba kikatiririka juu ya mashavu. Nilipoona hakuna kinachobaki, nilikimbilia ndoo ya udongo mweupe nikapaka ukuta mzima, haraka, vizuri, kama tulivyofundishwa.

Shangazi alisimama jikoni, mkoba ukiwa bado begani, akatazama ukuta mweupe, kisha kitambaa chenye wekundu.

"Ulimwosha?"

"Nilimwosha uso, shangazi. Alikuwa na masizi."

Aliweka kiganja ukutani. "Basi yumo humo ndani. Usimkwangue."

Miaka iliyofuata nilimwomba mara nyingi amchore tena. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwanangu, nilimchora nikiwa bado naisikia sauti yake. Sasa siisikii." Hakunikaripia hata siku moja. Afadhali angenikaripia.

Kaka yangu alilivunja jiko lile alipojenga la tofali za kuchoma. Nilipekua kifusi siku nzima. Nilipata bonge moja, ukubwa wa andazi, na kati ya matabaka meupe kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Huenda ni kilemba. Huenda ni rangi tu ya ukingo wa ukuta. Nililitunza kwenye kopo la majani ya chai. Nilitaka kumwonyesha shangazi aniambie, lakini niliogopa aseme siyo. Alipolazwa, nikasema nitampelekea Jumapili. Alifariki Ijumaa.

Siku ya mazishi nililifunga kwenye pindo la kanga. Kabla hatujaenda kaburini, yule kijana wa Iringa alinijia na kamera.

"Shikamoo, mama. Wanasema marehemu alianzia hapa. Hakuna hata ukuta mmoja uliobaki?"

"Marahaba." Niliziangalia nyumba zetu. Siku hizi zimepakwa rangi za dukani, bluu na krimu, hazishiki mgongo wa mtoto. Nililibana lile bonge. Angeweza kuliweka nyuma ya kioo, na watu wangelitazama bila kujua wanamtazama nani. "Hakuna, mwanangu," nilimwambia.

Wenzangu walitupa udongo wa kaburini. Mimi nilitupa lile bonge. Lilivunjika juu ya jeneza. Shangazi peke yake ndiye angeweza kunijibu.

Pindo la kanga lilibaki na vumbi jeupe, na mahali pamoja wekundu kidogo. Nilikaa na kanga ile wiki nzima bila kuifua. Kisha jirani akafiwa, na ile ndiyo kanga yangu pekee ya msibani. Niliitia kwenye maji.