Siku Niliyowarusha Sululu wa Chwaka

Harufu ya tope la mikoko, ile inayofanana na yai lililochemshwa likasahauliwa sufuriani, hunikuta popote nilipo na kunirudisha kwenye asubuhi moja ya darasa la sita. Nilitoka nyumbani Mji Mkongwe na mkoba mgongoni na ushungi mweupe wa skuli, bila nia nyingine ila kwenda skuli. Nikapita Forodhani. Maji yalikuwa yamekupwa, na chini ya ukuta nikamwona ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Alitumbukiza mdomo wote mchangani, akatoa kaa, akamkung'uta mpaka miguu ikamtoka, akammeza. Kisha akapiga mluzi na kuruka juu ya mapaa kuelekea mashariki.

Baba mmoja aliyekuwa akifagia bustani aliniambia yule anaitwa sululu. "Huyo kapotea tu. Wenziwe wako Chwaka, wamejaa kama watu wa Idi."

Nikisikia kitu kiko tele mahali, miguu yangu haitulii. Ndivyo nilivyo mpaka leo, na ndiyo maana skuli sikuimaliza. Kengele ilipogongwa, mimi nilikuwa ndani ya gari ya Chwaka.

Sikuwahi kuona bahari iliyoondoka. Kwetu mjini maji hupanda na kushuka ukutani, unayapima kwa ngazi. Chwaka yalikuwa yameacha uwanja usio na mwisho, na mbali kabisa wanawake wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, wadogo kama vitone vya rangi. Kati yao na pwani palikuwa na mkondo usiofika hata goti, na ng'ambo yake fungu la mchanga. Hapo ndipo walipokuwa ndege wangu: sululu kwa makumi, vitwitwi wanaokimbia kama waliochelewa, yangeyange wachache, weupe pepe, wameganda kama wanasikiliza hotuba.

Nikavuka mkondo, nikaanza kwa kunyata. Nikashindwa, nikakimbia. Waliruka wote pamoja kwa sauti ya shuka linalokung'utwa, wakazunguka mara moja, wakaingia mikokoni. Nikabaki pale mdomo wazi, nacheka peke yangu.

Kisha nikaona vile vitone vya rangi vinasimama wima, kimoja kimoja, vinajitwisha magunia na kuja mbio upande wangu. Nikadhani na wao wamekuja kutazama ndege.

Wa mbele alikuwa mama mrefu, gauni limerowa mpaka kiunoni. Baadaye nilijua ni Bi Kazija. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Maji gani, bibi?"

"Ndo nnakuuliza mie. Ndege washaondoka, maji yako wapi?"

Nyuma yake msichana aliyeitwa Mwajuma akaangua kicheko. "Si hayo hapo, Bi Kazija! Leo yamevaa ushungi."

Wanawake wale wakivuna huipa pwani mgongo, na maji yakirudi huujaza kwanza mkondo ulio nyuma yao. Mlinzi wao ni ndege. Wakiondoka funguni wote kwa pamoja, ndiyo maji yanarudi; gunia hufungwa na watu huondoka, hakuna ubishi. Na siku ile ilikuwa ya mwisho ya bamvua, zile siku chache maji yanapokupwa mbali kabisa. Kesho yake maji yasingekupwa vya kutosha kuyafikia mashamba ya mbali, na mwani uliokomaa haungoji bamvua nyingine. Hukatika kambani ukachukuliwa na mawimbi. Nusu ya mwani wao ilikuwa bado majini kwa sababu yangu.

"Nilitaka kuwaona tu," nikasema, machozi yananilenga.

"Ushawaona," akasema Bi Kazija. "Haya, sisi twarudi kuvuna. Umetufukuzia ndege, leo ndege wewe. Simama papo hapo walipokuwa. Maji yakikufika vifundoni, piga kelele."

"Na asipopiga?" akauliza Mwajuma.

"Atatusomea hitima."

Darasani nilikuwa siwezi kutulia hata dakika tano. Pale nilisimama. Niliona vishimo vya mchanga vikipumua mapovu. Niliona jani la mkoko likielea mkondoni kwenda baharini, likapunguza mwendo, likasimama kama lililosahau kitu, kisha likaanza kurudi lilikotoka. Macho nilikuwa nimeyatoa mbele, kwenye bahari. Maji yakanilamba visigino kutoka nyuma. Yalipofika vifundoni nilipiga ukelele mpaka sauti ikakatika.

"Yangeyange analia!" akaita Mwajuma, nao wakaja wakiyaburura magunia yaliyojaa juu ya maji. Mkondo ulikuwa ushafika mapajani. Bi Kazija alinivusha kanishika mkono kama anayevuta mbuzi.

Tulianika mwani mpaka alasiri. Nikala muhogo wa nazi kwake, ndipo akaniuliza mimi mtoto wa nani, akampigia simu mama. Niliisikia sauti ya mama kutoka upande wa pili wa chumba: "Mlaze huko huko, dada yangu. Akija leo ntamuua. Kesho ntakuwa nshapoa." Nikapewa kitanda cha kamba karibu na dirisha, katika nyumba ya kwanza ya watu nisiowajua niliyopata kulala, na nimelala nyingi tangu hapo.

Nilijiona nimelipa kosa langu lote, maana magunia yalijaa. Miaka mingi ilipita kabla sijaambiwa, kwenye pwani nyingine, kwamba sululu hutoka nchi za barafu, wanafika huku wamebaki mifupa, na saa chache za maji kupwa ndizo zote walizonazo za kula. Wanawake niliwarudishia bamvua yao. Sululu sikuwarudishia kitu.

Lakini jioni ile, jua halijazama, niliwasikia wakipiga miluzi kule mikokoni, nikafurahi, nikadhani wananiaga. Siku hizi nadhani walikuwa na njaa.