Vitambaa Vyekundu vya Kurumbiza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, na matope ya msitu wa Kakamega yakavimeza hata jua halijachomoza vizuri. Bwana Misitu, mkubwa wangu, alicheka. "Dada, hapa tunafanya kazi kwa masikio," akasema.

Kazi ilikuwa kuchora himaya za kurumbiza, yule ndege mwimbaji mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Himaya ni eneo analolishikilia dume ili jike aje atage, nao walee humo. Haligombei kwa makucha kwanza, huliimbia. Akiimba huyu, jirani hujibu, na pale wanapojibizana ndipo mpaka ulipo. Hapo nilifunga kitambaa chekundu mtini.

Vitambaa hivyo vilizua kisanga. Ilikuwa enzi ya miwa, kila mtu alitaka shamba, na wapimaji wa miwa nao walitumia vitambaa vyekundu. Asubuhi moja mimi na Bwana Misitu tuliwakuta wakulima ukingoni mwa msitu, mapanga mkononi, wakigawana himaya zangu kwa furaha. Nilishtuka sana, maana kurumbiza walikuwa wanaatamia mayai.

"Mama, si ni nyinyi mmepima?" akauliza Mzee Ingosi, kiongozi wao. "Tumeshukuru sana. Hao ndege watahamia huko ndani, msitu ni mkubwa."

"Huko ndani kuna wenyewe," Bwana Misitu akamjibu, kisha akanigeukia. "Hebu piga mluzi."

Nilivuka kitambaa kimoja, nikaiga wimbo wa kurumbiza. Dume akashuka manyoya yamemsimama, akanipita sikioni, akatua mbele yangu akinifokea. Niliporudi nyuma ya kitambaa, akanyamaza.

Mzee Ingosi alicheka hadi akashika mbavu. "Huyu ni jirani yangu Makokha kabisa! Akionanga mbuzi wangu kwa mpaka, ni kelele mpaka jioni. Sasa nikimfukuza huyu, ataenda kwa nani? Watu wangu, turudi nyumbani."

Nusura nimkumbatie. Tangu hapo, Mzee Ingosi alimwuliza kila aliyepita na panga, "Umeongea na mwenyewe?"

Vijana huniambia msitu uliobaki unatosha. Nawajibu kwamba ndege asiye na himaya hazai, hata msitu ungekuwa mkubwa namna gani.

Siku ya kustaafu nilipita ukingoni pale kuaga, nikapiga mluzi wangu mtamu kuliko yote. Kurumbiza akashuka, akanifukuza hadi barabarani, nami nikakimbia nikicheka, keki ya kuagwa mkononi.