Bwana Ruhusa na Nyanya Zake

"Nyanya zangu hazinyauki bila ruhusa yangu," alitamba mbele ya wakwe zake, kwenye harusi ya ndugu yao, kipaza sauti mkononi. Wakampa jina palepale: Bwana Ruhusa. Hakununa. Dereva mstaafu aliyekimaliza kiinua mgongo chote kwenye banda la plastiki uani anune kwa lipi?

Kazi yenyewe aliifanya shemeji yake, kaka wa mkewe, asubuhi na jioni. Yeye alisimama mlangoni kashika kiuno.

Kisha majani ya chini yakaingia umanjano. Mchana mimea ililegea kama nguo mbichi, jioni ikajikaza tena. Ruhusa akaamua ni kiu.

"Shemeji, maji yangu unampelekea nani?"

"Shika udongo, shemeji. Tope hilo."

"Tope la kuniona nakuja. Jana ulilala."

"Kati yetu, anayelala mchana ni nani?"

Mkewe aliacha kuanika nguo. "Baba watoto, mwombe kaka yangu radhi."

"Kaka yako mwizi," alijibu, kwa sauti ya kuwafikia majirani.

Shemeji akautundika mpira wa maji kwenye msumari, taratibu, kama mtu anayerudisha cha watu. Akaondoka.

Ruhusa akamwagilia mwenyewe mpaka ndara zikanasa. Mimea ikafa imesimama majini.

Bwana shamba alipoitwa, alipasua shina. Ndani mishipa ilikuwa ya kahawia.

"Fangasi wa udongoni," alisema. "Wanaingia kwa mizizi, wanaziba mishipa, halafu wanatoa sumu yao inayopanda mpaka kwenye majani. Hapo hata ungeleta mto mzima, mzee, mmea hauna kiu, umelishwa sumu."

"Kwa hiyo aliyekuwa anamwagilia…"

"Alimwagilia vizuri tu."

Mkewe alimpigia kaka yake, akamkabidhi mumewe simu. Ruhusa akauliza hali ya watoto, akalalamikia joto, akakata. Kufa na tai shingoni, banda zima limeoza nyuma yake.

Siku hizi shemeji ana meza ya nyanya sokoni. Mke ametoa amri: zinunuliwe pale, na anunue mwenyewe, la sivyo wale bila mchuzi. Ruhusa akaenda, akamngoja mteja wa mbele yake auziwe tatu kwa mia tano, akazibonyeza nyanya moja moja, akakohoa.

"Kwa mtu wa nyumbani unafanyaje, shemeji?"

Shemeji aliendelea kupangusa nyanya kwa kitambaa.

"Tatu, mia tano."