Nilivyompeleka Mama Kuwapima Wamoroko na Wamisri

Nilisafiri kwenda Houston kwa sababu Mama alitaka kwenda Mumias, kwetu Kenya.

Alikuwa amekaa nami Euless, hapa Texas, miezi mitatu. Nilimleta kwa makaratasi yaliyonizeesha, nikiwa na nia moja tu: akae moja kwa moja, apumzike, azeeke karibu na mwanawe wa pekee. Asubuhi moja akaweka kikombe cha chai chini na kusema, "Mwadime, nikatie tiketi. Hapa mnaishi vizuri, lakini mnaishi kimya kama watu walioiba." Nikamwambia hajazoea tu. Akanijibu kwamba hata jela watu huzoea.

Nilishikwa na hofu, nakiri. Baba alishafariki, mke sina, jambo ambalo Mama hulitaja kila baada ya sala, na sikutaka kumwona akirudi kukaa peke yake kule. Lakini mimi ni nesi, na nesi akiogopa hutafuta kitu cha kupima. Nikawaza hivi: Mama anadhani mzee hawezi kustawi Amerika. Nikimwonyesha wazee waliostawi, atabaki.

Wa kumwonyesha nilikuwa nao kazini. Driss ni Mmoroko, hupiga eksirei. Magdi ni Mmisri, yuko upande wa dawa. Kila mchana wawili hawa hubishana ni jamii ya nani iliyoifaidi Texas zaidi.

"Sisi tumesoma," husema Magdi. "Ukianguka, daktari wa kukuinua ni Mmisri, na wa kukupa dawa ni Mmisri."

"Na wa kuja kukutazama ukiwa kitandani ni Mmoroko," humjibu Driss.

Nilipowaeleza habari za Mama, kila mmoja aliapa kwamba mama yake yeye ndiye mzee mwenye raha kuliko wote katika jimbo hili. Mama yake Driss anaishi naye papa hapa Euless. Mama yake Magdi yuko Houston, mtaa wa Sharpstown. Tukaalikwa kote kuwili. Nikachukua kibao cha kuandikia, nikachora chati kama ya mgonjwa: Kazi, Nyumba, Elimu ya Watoto, Afya ya Wazee, Furaha. Kila safu alama kumi. Mama aliitazama akauliza kama Serikali imenituma.

Ijumaa adhuhuri tulifika kwa Driss. Ni fleti ya vyumba viwili anamokaa na mke, watoto na mamaye, na sebuleni makochi yamezunguka kuta zote nne, kana kwamba wanatarajia baraza la wazee. Katikati kulikuwa na sinia la kuskusi, juu yake maboga, karoti na nyama, na wote tulikula humo humo. Driss alikuwa ndiyo kwanza ametoka msikitini na, kwa kadiri nilivyoona, nusu ya msikiti ilikuwa imetoka naye. Mlango uligongwa mara tano tukiwa tunakula. Kila aliyeingia alisogezewa nafasi, na mimi nikasogea mpaka nikawa nakula nikiwa nimeegemea jokofu.

Mama yake Driss, Lalla Zohra, alitumiminia chai ya nanaa birika likiwa juu kule, na glasi chini huku, bila kumwaga tone. Nikaona huu ndio wakati wa kuuliza maswali yangu.

"Muulize mama," nikamwambia Driss, "jamii ya Wamoroko inaendeleaje kiuchumi?"

Driss akatafsiri. Lalla Zohra akajipiga paja.

"Anasema vibaya," akasema Driss, akianza kuona haya. "Anasema mwanawe anafanya kazi kama punda na hana shukrani. Anasema wenye raha ni Wamisri. Wote madaktari."

Huyu ndiye mzee mwenye raha kuliko wote Texas! Mama hakutaka kushindwa. Akaniambia nimtafsirie kwa Driss, naye Driss amtafsirie mamaye, kwamba afadhali punda mwenye mke na watoto, kwani wa kwake ana miaka arobaini na minne na anaishi na televisheni. Lalla Zohra aliposikia alimshika Mama mkono, akamtazama kwa huruma kubwa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Wakaendelea hivyo, yule na malalamiko yake na huyu na yake, kupitia kwa watoto wao waliokuwa wanatafsiri masimango yao wenyewe. Kwa haki kabisa, Mama alishinda.

Jioni nikajaza safu: Kazi sita, Nyumba tano. Kwenye Furaha nilikwama, kwa sababu bibi alilalamika saa tatu mfululizo huku anacheka. Nikamuuliza Mama anasemaje.

"Wale watu watano," akasema, "nani aliwaalika?"

"Hakuna. Walikuja tu."

"Aha," akasema Mama.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulishika barabara kuu ya kusini, mwendo wa saa nne. Nchi ni tambarare, ng'ombe wanene, anga kubwa kupita kiasi. Baada ya saa nzima Mama akauliza, "Mwadime, watu wa huku wako wapi?"

"Mama, si hawa? Wako ndani ya magari. Hakuna mtu ana-walk huku."

"Hata wa kuuza mahindi?"

Tulisimama kwenye kituo cha petroli kikubwa kuliko soko la Mumias. Mama aliingia chooni akakaa sana mpaka nikaanza kutafuta mtu wa kumtuma humo. Alitoka ameridhika, akasema choo kile ni kisafi kuliko zahanati aliyonizalia, ila hakukuwa na mtu wa kumsifia. Mbele kidogo tukapita sanamu jeupe la mzee mmoja, refu kama mnara, limesimama peke yake msituni. Mama alilipungia mkono. Alisema hata yeye anaonekana hana wa kuongea naye.

Sharpstown tulifika mchana. Nilikuwa nimetarajia kasri, kwa jinsi Magdi anavyojisifu, na kwa kweli yeye mwenyewe ana nyumba ya vyumba vitano kule kwetu. Lakini mamaye alikuwa ghorofa ya pili katika fleti za zamani, rangi imebambuka na ngazi zinalia. Nikaandika Nyumba: tatu. Magdi, aliyetangulia kufika, aliniona nikiandika.

"Usiandike!" akasema. "Nimemwomba ahamie kwangu miaka minne. Chumba chake kiko tayari, kina kapeti jipya. Hataki. Mimi kila wiki mbili na-drive mpaka huku kumwomba tena."

Mama yake anaitwa Samira. Ni mfupi, ana msalaba mdogo uliochorwa kwa wino kwenye kifundo cha mkono, kama ilivyo desturi ya Wakristo wa kwao. Mama alipouona msalaba ule alistarehe papo hapo. Nikauliza swali langu la uchumi. Samira akapandisha mikono mbinguni, na Magdi akatafsiri huku anatazama dari: Wamisri wamekwisha, vijana wanajali magari tu, wanaoishi vizuri ni Wamoroko, wanapendana. Nikafuta nilichokuwa nimeandika.

Kanisani kwao ilikuwa siku ya mfungo, hakuna nyama wala maziwa. Mama, aliyekuwa ameota kuku tangu Euless, alinitupia jicho. Lakini tulipoingia jikoni alisimama ghafla. Mezani kulikuwa na rundo la majani mabichi, na mengine zaidi yalikuwa yakiota katika ndoo kwenye roshani.

"Mwadime," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ni mrenda."

Ilikuwa mrenda kweli! Ile ile inayoteleza, tuliyolelewa nayo, ambayo Mama alikuwa ameilia miezi mitatu. Wao huiita mulukhiya na hudai imetoka kwa mafarao. Mama alivua sweta, akavuta kiti, akaanza kuchambua bila kuombwa. Mambo yaliharibika Samira alipotoa kisu kilichopinda chenye mishikio miwili na kuanza kuikatakata kama nyasi.

"Hapana! Hapana! Haikatwi hivyo! Magadi ya kuilainishia iko wapi?"

Samira akajibu kwa Kiarabu, kwa ukali ule ule. Mama akaonyesha chungu. Samira akaonyesha kisu. Hakuna aliyejua neno la mwenzake na hakuna aliyekosa kuelewa. Magdi na mimi tulirudi sebuleni taratibu, kama wanaume wenye akili.

Nilikuwa nimefika kwenye safu ya Afya ya Wazee nilipoisikia jikoni. Pumzi. Mtu alivuta pumzi kwa nguvu, ndefu, ya kukata roho, kisha kimya.

Miaka kumi na minane ya unesi ikaniamsha kabla akili haijaamka. Nilivuka meza. Nilimkuta Samira amesimama mbele ya jiko, mkono kifuani, kikaango hewani. Nilimpokonya kikaango, nikamlaza sakafuni, nikashika mshipa wake na kumpigia Magdi kelele apigie ambulensi. Samira alikuwa anasema kitu kwa bidii na mimi nilikuwa namwambia asiseme, atunze nguvu.

"Muache!" Magdi alikuwa mlangoni, anacheka mpaka amejishika ukutani. "Muache, anapika!"

Nikaelezwa nikiwa bado nimepiga magoti. Kwao, kitunguu saumu na dania vikishakaangwa, mpishi huvimwaga kwenye mulukhiya, na anapomwaga ni lazima avute pumzi namna ile. Bila pumzi mboga haina ladha. Bibi zao walifanya hivyo, na bibi za bibi zao. Mimi nilikuwa nimeikatiza katikati, kitunguu saumu kimeungua, na sasa ilibidi kuanza upya.

Samira, akiwa bado chali, aliugeuza mkono wangu akashika mshipa wangu mimi. Akahesabu. Akasema neno kwa Magdi.

"Anasema wewe ndiye wa kulala chini," akasema Magdi.

Mama hakucheka. Aliniangalia kidogo, kisha akamwinua mwenzake.

Mara ya pili kitunguu saumu kilipoiva, Samira alimpa Mama kikaango. Mama alimwaga, akavuta pumzi ambayo nadhani ilisikika mpaka barabarani. Na nadhani ilisikika kweli, maana mlango ulifunguliwa bila kugongwa, akaingia mwanamke na bakuli tupu mkononi. Alikuwa Konsolata, jirani wa ng'ambo ya ngazi, Mrundi anayefua mashuka hotelini. Alipotusikia tunaongea Kiswahili alipiga makofi.

"Karibu sana, mama! Weye watoka Kenya?"

Mama alikaribia kulia. Walikaa kwenye kochi wakiwa wameshikana mikono. Mama akamuuliza ilikuwaje anaingia kwa watu na bakuli.

"Siye tulipofika hapa tulikuwa tunafunga mulango, tunaogopa," akasema Konsolata. "Huyu mama ndiye alianza kugonga. Analeta mboga, anasema maneno yake, hatusikii hata moja, anaenda. Kesho yake, tena. Sasa weye uniulize jirani ni nani, nitakuhesabia mpaka jengo la mwisho kule. Mtoto wake anataka kumuchukua. Tumemwambia Magdi, utatuchukua wote."

Tulikula watu kumi na mmoja katika sebule ya watu wanne. Mrenda ilikuwa tamu, ingawa Mama alisisitiza kwamba kwa magadi ingekuwa tamu zaidi. Sikuandika kitu. Tulilala pale, Mama kitandani na Samira, mimi kwenye kochi lililonizidi ufupi.

Jumapili asubuhi tulianza kurudi na mfuko wa majani uliofungwa kwa barafu. Nilisubiri mpaka tukatoka mjini ndipo nikamuuliza, maana roho yangu ilikuwa juu juu.

"Mama, umewaona wote. Wamoroko na Wamisri, nani wako sawa zaidi?"

"Wako sawa," akasema. "Yule analalamika na watu wake, na huyu analalamika na watu wake. Wazima kabisa hao."

"Kwa hivyo wewe pia unaweza kukaa hapa."

Alikuwa anatazama ng'ombe.

"Nilitaka kwenda nyumbani kwa sababu nilidhani mimi ndiye mpweke katika ile nyumba," akasema. "Mwanangu, mimi nina Mumias. Wewe una nani? Tangu nije hakuna mtu amegonga mlango wako, hata wa kukosea. Wamoroko wazima, Wamisri wazima. Maskini niliyemwona Amerika ni wewe."

Niliendesha gari na kutazama mbele. Iliniuma, kwa sababu alisema bila ukali wowote, kama daktari mzuri anavyosema.

"Tiketi usikate," akaongeza. "Siwezi kukuacha ukiwa hivi."

Hivyo ndivyo nilivyofanikiwa kumbakiza Mama Amerika. Nilimleta nimtunze, akabaki ili anitunze.

Tulifika Euless saa nane mchana. Mama alipika mrenda, safari hii kwa baking soda, akapakua sahani tano na kuzifunika. Nikadhani tutazigawa pamoja. Akanipa mimi ya kwanza na kuonyesha mlango unaotazamana na wetu.

"Mama, siwajui."

"Ndiyo maana."

Nimewahi kuwaambia watu habari za misiba bila kusita. Mbele ya mlango ule niliisoma namba yake mara tatu. Nimeishi hatua nne kutoka pale miaka sita. Niligonga. Alifungua mwanamume mkubwa, mtu wa visiwa vya Tonga, akiwa na yunifomu ya wapakia mizigo wa uwanja wa ndege, na mtoto mdogo begani. Akatazama sahani, akanitazama mimi, akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna tatizo," nikasema. "Mama yangu ametuma mboga. Mimi ni jirani yako, wa hapo mbele."

Alitazama mlango wangu nyuma yangu, akanitazama tena.

"Hapo?" akasema. "Sisi tulidhani hapo hakuishi mtu."