Wimbo Uliotungwa kwa Randa

Baba yangu ni seremala, na kwa maneno ni bahili kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye nyumba moja. Ukimuuliza habari za kazi atakujibu "nzuri," na hapo mazungumzo yamekwisha. Mama alikuwa mpokea simu wa kampuni moja, na mdomo wake haukujua likizo. Alizoea kusema kwamba ameolewa na kabati. Alisema hivyo mezani, mbele ya baba mwenyewe, naye baba alicheka kidogo akaendelea kula.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao mama aliupenda kupita kiasi. Ulipigwa redioni tangu kabla sijazaliwa, ukapigwa harusini, saluni na baa, na mpaka leo ukiuanzisha mahali popote watu watakumalizia. Aliyeuimba tulimwita Chiriku.

*Mlango nimeuchonga, komeo sikulitia,*
*ukija usibishe hodi, nyumba yakujua wewe.*

"Sikia mwanamume anavyosema na mwanamke," mama alimwambia baba huku akiongeza sauti ya redio. "Wewe umewahi kuniambia hata robo ya hayo?"

"Chiriku anajua kuimba," baba alijibu.

Huyo Chiriku alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao. Alikuja karakana mara kwa mara na kukaa juu ya mbao, akisema amefuata viti vya bendi vilivyovunjika. Viti hivyo vilivunjika mno, ungedhani vinakaliwa na tembo. Sasa ndiyo najua alichokuwa anafuata. Baba hakuweza kutunga akiwa amekaa, wala akiwa amesimama bure. Alitunga akipiga randa. Mkono ukienda mbele, mstari unaanza. Ukirudi, anavuta pumzi. Ubao ukilainika, ubeti umekwisha. Sauti yake ni ya bawaba isiyotiwa mafuta, lakini Chiriku alikuwa na masikio. Alisikiliza, akarudia, akasahihishwa, akaondoka na wimbo mdomoni. Nyimbo nyingi mnazozijua zilitoka pale penye vumbi la mbao. Ule wa mlango ulikuwa wa kwanza, na baba aliutunga kwa sababu kulikuwa na msichana wa kupokea simu ambaye kila akimwona, salamu ilimkwama kooni.

Mwenye bendi alitaka watu waamini kwamba Chiriku anaimba yaliyomtoka moyoni. Kwa hiyo marafiki hao wawili walipeana neno kwamba mtunzi hatatajwa kwa mtu yeyote. Baba hakuona ubaya. "Mtu akinunua meza," alisema, "hanitaji wakati wa kula." Baadaye msichana yule akawa mke wake, na kumwambia ikawa vigumu zaidi, maana siri ikishafika kwa mama imeshafika mjini. Ahadi ni deni, na baba hajawahi kulala na deni la mtu. Mimi nasema lilikuwa deni la kijinga, na mpaka leo nikilifikiria nakasirika.

Kisha mama akaanza kusahau. Alisahau funguo, tukamtania. Akasahau majina yetu, tukaacha utani. Mwisho akamsahau baba. Alimwita "fundi," kwa adabu kabisa, na kumuuliza atamaliza lini kazi arudi kwa mkewe. Baba alimjibu kwamba bado kidogo. Wimbo wa Chiriku pekee haukumtoka, na redio ilikaa kitandani pamoja naye.

Chiriku alipofariki, baba ndiye aliyemtengenezea jeneza. Makaburini kila aliyesimama alimsifu mtunzi mkubwa. Mmoja alieleza jinsi marehemu alivyoutunga wimbo wa mlango kwa machozi yake mwenyewe. Baba alikuwa anatazama maungio ya jeneza, nami nikadhani anakagua kazi yake.

Tuliporudi nyumbani alinawa mikono bombani, uani, akaniambia bila kugeuka, "Ule wimbo wa mlango ni wangu. Nilimtungia mama yako."

Nilicheka. Kisha nikauona uso wake.

"Baba, miaka yote hii? Mama anakusimanga nao, wewe unanyamaza?"

"Niliahidi."

"Na sasa?"

"Niliyemwahidi tumetoka kumzika. Nataka mama yako ajue."

"Mama hakujui hata wewe."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana siwezi kungoja."

Kesho yake mchana aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alifungua kinywa, wimbo haukuja. Akajaribu tena, akatoka bila kunitazama. Nilidhani amekata tamaa, kumbe ameenda karakana. Alirudi na randa na ubao, akaulaza ubao juu ya viti viwili, akaniambia nishike upande mmoja. Nikashika. Akaanza kuranda, takataka za mbao zikaanguka juu ya mkeka, na ule wimbo ukatoka.

Ulikuwa wa polepole. Redioni watu huucheza, lakini kwa mwendo ule wa baba usingeweza kuuchezea hata kidole. Mama aliinua kichwa. Akanyoosha mkono akazima redio, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akasikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," alisema, "Chiriku haimbi hivyo."

"Yeye aliuharakisha. Mimi ndiye niliyeutunga, na nilikutungia wewe."

Macho ya mama yalijaa machozi, nami nilikuwa nimeukaza ule ubao mpaka vidole vinauma, nikimwomba Mungu atupe dakika moja tu. Kisha mama akainama kumwelekea baba, akashusha sauti kama mtu anayewaogopa majirani.

"Maneno mazuri sana," alisema. "Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu. Lakini tafadhali, usiyarudie hapa. Mume wangu yuko njiani anatoka kazini. Yeye hajui kusema haya, na sitaki ajione amepungukiwa. Mimi hajanipungukia kitu."

Baba aliiweka randa sakafuni.

"Haya, mama," alisema. "Sitamwambia."